Wino wa Mwisho wa Hidayat

Jumatano, tarehe 12 Februari 2014. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hapa Multan, Pakistani. Adhana ya alfajiri tuliisikia vizuri, lakini mnara wenyewe haukuonekana hata kutoka juu ya dari. Nilikuwa nimemaliza kuswali na ninamchemshia chai dada yangu Bilqis pale mlango ulipogongwa. Alikuwa binti wa Ustad Sibghat. Alisema baba yake ananiita, nije upesi, na nisimwambie dada kwanza.

Dada asingeweza kwenda hata angeambiwa. Alikuwa ndani ya eda. Mumewe Hidayat, mtengeneza wino, alifariki mwezi wa Desemba, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa miguu yake. Nilienda sokoni, nilienda kwa daktari wa macho ya mama mkwe wake, na ndiye niliyempelekea Ustad Sibghat wino wa mwisho uliotoka mkononi mwa marehemu.

Ustad huandika misahafu kwa mkono. Waliobaki mjini wanaofanya kazi hiyo ni wachache, na yeye mwenyewe alikuwa ukingoni. Jicho la kushoto lilikwisha funikwa na utando, na la kulia daktari alimwambia alitumie kwa jambo analolipenda zaidi. Alikuwa anaandika msahafu wa nadhiri, kwa ajili ya msikiti wa kijiji alikozikwa mama yake. Juzuu ishirini na tisa alizimaliza kwa wino wa Hidayat. Ilibaki Juzuu Amma peke yake, na hiyo aliiandika kwa wino niliompelekea baada ya arobaini.

Nilimkuta amekaa juu ya zulia, kurasa ziko mbele yake, na chini ya kurasa ametandika kitambaa cheupe kilichofuliwa. Tulisalimiana. Hakunikaribisha chai. Aliinua ukurasa mmoja kwa mikono miwili, akauinamisha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, na nikaona herufi zikimwagika. Zilianguka kama vumbi jeusi juu ya kitambaa, na pale zilipokuwa pakabaki kivuli cha kahawia. Akaniwekea na kurasa za mwanzo wa juzuu. Hizo hazikumwagika, lakini wino wake ulikuwa na rangi ya chai, unang'aa, umepasukapasuka kama matope ya mfereji uliokauka.

Lile vumbi lilikuwa Neno la Mungu.

"Tasnim, mwanangu," akasema, "mimi sijamwambia mtu neno lolote baya. Lakini nataka unieleze. Marehemu alinipa nini?"

Nilimwomba mabaki ya wino kwenye chupa yake, akanipa, akanisihi nitembee polepole kwa sababu ya ukungu.

Bahati mbaya ni kwamba si mimi peke yangu niliyeziona kurasa zile. Munawwar, muuza karatasi wa mwanzo wa kichochoro, alikuwa amefika kwa Ustad kabla yangu kuleta karatasi. Munawwar si mtu mwovu. Ana ulimi tu usiojua kukaa nyumbani. Kufikia adhuhuri kila mtu alikwisha sikia. Alisema nyuma ya kituo cha mabasi watu huchoma matairi na kuuza masizi kwa magunia. Alisema hata taa za mafuta ya taa hutoa masizi mengi kwa bei ya bure. Alisema Hidayat alikuwa mgonjwa, dawa ni ghali, na binadamu ni binadamu. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyochoma.

Dada alikuwa amekwisha pata habari kabla sijavua shali. Mke wa muuza maziwa alimletea pamoja na maziwa.

Alikuwa juu ya kitanda cha kamba. Nilidhani atalia kwa ajili ya kurasa, lakini alichokisema kilikuwa kingine.

"Siku ya maziko imamu aliwauliza, mlimjuaje mtu huyu? Wakajibu wote, alikuwa mwaminifu. Munawwar naye alijibu, sauti yake niliisikia mpaka huku ndani. Shahada ile imekwenda naye kaburini, Tasnim. Sasa wanataka kumnyang'anya."

Nilielewa. Mfu hawezi kujitetea. Jina zuri ndiyo nguo pekee aliyobaki nayo marehemu huku kwetu, na ilikuwa inavuliwa mchana kweupe.

Naye dada alijua ukweli wa masizi yale, maana yalipitia mikononi mwake. Hidayat alifuata njia ya baba yake. Aliwasha taa za mafuta ya ufuta katika chumba kisichopitisha upepo, na juu ya taa akatundika vigae vya udongo. Kigae kikiwa karibu na moto, masizi hushika mengi lakini huwa mazito, yana mafuta. Kikiwa mbali, hushika kidogo tu, laini kiasi kwamba ukiyagusa vidole havisikii kitu. Yeye alichukua ya mbali. Aliyapangusa kwa unyoya, akayafunga ndani ya karatasi, na karatasi akampa dada aifunge ndani ya donge la unga. Donge likaokwa tanurini mpaka likaungua, ili mkate unyonye mafuta yote yaliyosalia. Kisha ikaja gundi ya mgunga, maji kidogo kidogo, na kinu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kinu. Alisaga siku nyingi mpaka mchi ukawa hautoi sauti. Baada ya hapo wino ulitiwa ndani ya kiriba kidogo cha ngozi ya mbuzi na kutundikwa nyuma ya mlango wa barabarani, ukae hapo miezi. Kila aliyeingia na kila aliyetoka aliutikisa bila kujua. Hidayat alikuwa akiwatania wageni kwamba wamefanya kazi na hawatalipwa.

"Masizi ni yaleyale," dada aliniapia. "Gundi ni ileile, nusu gunia bado iko pale jikoni. Mimi nitasimama na hilo mbele ya Mola wangu."

Jioni ile nilichukua chupa na kwenda nayo darasani. Mimi huhudhuria masomo ya watu wazima katika shule ya wasichana, na Mwalimu Shagufta anatufundisha sayansi kwa subira ambayo ninamwombea malipo. Nilichukua pia kijichupa cha wino wa mwaka uliopita, ule aliouandikia Ustad juzuu za mwanzo. Baada ya kipindi nilimweleza jambo lote, na sikuficha kwamba jina la shemeji yangu lilikuwa hatarini.

Alidondosha tone la wino wa zamani juu ya kioo, akaliweka chini ya hadubini, akaniambia nitazame. Niliona ukungu wa kijivu uliosambaa sawasawa, kama ule wa asubuhi. Sikuona chembe hata moja. Alinieleza kwamba chembe zipo, ila ni ndogo mno, hadubini ya shule haiwezi kuzionyesha, na unywele mmoja ungezibeba maelfu zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu. Kisha akaweka tone la wino wa mwisho. Hapo niliona visiwa. Madonge meusi, na baina yake maji matupu.

Nilimwuliza kama ni masizi ya matairi. Alinusa chupa, akasugua tone baina ya vidole, akatia kidogo kwenye maji, akangoja. Alisema hasikii harufu ya mafuta wala haoni utando wa mafuta juu ya maji, lakini hawezi kuapa, na asingependa nimnukuu kama mtu aliyeapa.

"Ninachoweza kukuambia ni hiki," akasema. "Chembe ndogo hivi hazipendi kukaa kila moja peke yake. Zikiachwa zinakimbiliana, zinashikana, zinazama. Gundi inatakiwa iivishe kila moja nguo yake ili isishikane na nyingine. Kuvishwa huko hakuji kwa kutia gundi tu. Kunakuja kwa kusaga na kutikisa, na muda. Tasnim, mnaweza kuwa na vitu vilevile, kipimo kilekile, na mkapata aina mbili za wino ambazo si ndugu. Kitu cha namna hii usiulize kimetengenezwa na nini tu. Uliza kimepitia nini."

Akaniuliza ulitikiswa vipi. Nikamwambia ulining'inia mlangoni tangu kabla ya Hidayat kulazwa, zaidi ya muda wa kawaida. Akakunja uso, akasema kama ni hivyo basi haelewi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na nusu ya jibu. Nilimsimulia dada kila neno. Alisikiliza huku anavuta tasbihi, na nilipofika kwenye kutikiswa vidole vyake vilisimama.

"Siku ulipokishusha kiriba," akaniuliza, "kamba yake ilikuwaje?"

Nilifikiri. Nikamjibu ilikuwa na utando wa buibui, kutoka kwenye kamba mpaka ukutani. Niliufuta kwa pembe ya shali.

Tukatazamana. Buibui hajengi juu ya kitu kinachotikisika.

Katika kichochoro chetu nyumba ikifiwa mlango huachwa wazi mpaka arobaini. Haugongwi, haufungwi. Unasukumwa hadi ukutani, unawekewa tofali, na mahali pake panatundikwa pazia, ili anayekuja kutoa pole asisimame nje kama mwombaji. Ndivyo tulivyofanya. Watu walikuja kwa mamia, Hidayat alipendwa. Walikuja kutoka mtaa wa Bohar Gate na kutoka vijijini, waliinua pazia, wakaingia, wakalia, wakatoka. Hakuna hata mmoja aliyeugusa mlango. Nyuma yake, baina ya ubao na ukuta, kiriba kilikaa kimya siku zote hizo katika baridi ya Desemba na Januari. Masizi yalikuwa yanashuka chini, gundi inabaki juu. Dada alipomimina, ile sehemu ya juu ndiyo iliyotangulia kwenye chupa ya Ustad, karibu gundi tupu, ikapasuka kwenye kurasa za mwanzo. Chini yake yakafuata masizi yasiyo na nguo, yakamwagika kama vumbi.

Nilitaka kutoka mbio usiku uleule nikawaambie watu. Dada akanishika mkono.

"Kaa. Haijatosha. Arobaini ni arobaini tu, na kabla yake mlango ulikuwa unatembea. Wino wa Hidayat wa kawaida ungestahimili. Ulikuwa unakaa chupani mwaka mzima bila kuzama, umewahi kuona?"

Sikuwahi.

Ndipo akaniambia jambo alilokuwa ameliweka kifuani. Tangu mwezi wa Oktoba Hidayat alikuwa hawezi kusaga. Kifua kilimbana, mikono ilitetemeka. Alisaga asubuhi moja, pengine mbili, kisha akautia kiribani na kusema mlango utamalizia. Yeye dada alitaka kusaga badala yake, hakumkubalia. Alitaka kumwambia Ustad, naye mumewe akamwapisha asimwambie mtu yeyote kwamba mikono ya Hidayat imekwisha.

"Sasa nikinyamaza, wanamwita mwizi," dada akasema. "Nikisema, nimemvunjia siri. Ee Mola, nifanye lipi?"

Sikumshauri. Nilitandika mkeka wa kuswalia karibu na wake, na tukaswali kila mtu kwa nia yake. Alikaa sana katika sijida. Alipoinuka macho yalikuwa makavu.

"Aliogopa wamwone dhaifu," akasema. "Hakuogopa wamwone mwizi, kwa sababu hilo halikumpitia akilini hata mara moja. Kamwite Munawwar. Na imamu. Na Ustad, kama macho yatamruhusu."

Walikuja siku iliyofuata baada ya alasiri. Walikaa kwenye ngazi ya nje, na dada alikaa ndani, nyuma ya pazia. Majirani wengine walisogea, kama ilivyo desturi yetu kusogea. Dada aliwaeleza yote. Alieleza tofali na utando wa buibui, na alipofika kwenye mikono ya mumewe sauti yake ilishuka lakini haikukatika. Nilimwona Ustad anainamisha kichwa.

Munawwar alikohoa. Akasema kwa heshima kubwa kwamba yeye hamshuku dada yetu, Apa Bilqis, Mungu apishe mbali, ila watu watauliza. Leo mlango, kesho paka. Na hata wino ukirudi ukawa mzuri, nani atajua kwamba haukubadilishwa ndani ya nyumba?

"Kweli kabisa, Bhai Munawwar, ndugu yangu," dada akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Kwa hiyo hautarudi ndani ya nyumba. Mabaki yote yamo humo kiribani, pamoja na yaliyokuwa kwa Ustad. Kichukue. Kinu hicho hapo mlangoni, ni kizito, usijivunje mgongo. Usitie gundi, usitie masizi. Ukikauka tia maji ya kunywa, basi. Utausaga wewe."

"Mimi?" Munawwar akasema.

"Ulimi umekwisha zoea kazi," mzee mmoja akamwambia, "mpe na mkono nafasi."

Watu walicheka kidogo, na hata imamu alificha mdomo kwa ndevu. Munawwar alitazama kinu, akatazama mikono yake laini ya kukunja karatasi. Alikuwa amekwisha kusema mbele za watu, hakuwa na pa kutokea. Alibeba.

Wiki zile ukungu uliisha, na miembe ikaanza kutoa maua katika mashamba ya nje ya mji. Kila nilipopita dukani kwake nilimkuta Munawwar kakaa nyuma ya mizani, kinu baina ya magoti, anasaga. Siku za mwanzo alinung'unika kwa kila mteja. Alidai amelogwa. Alimwambia muuza maziwa kwamba wino unalia kama mchanga, na kwamba mkono wake wa kulia umekuwa wa mtu mwingine. Watoto wake walimwita Baba Mkaa. Baadaye akapunguza maneno. Siku moja aliniita kutoka mbali, akaniambia nije nisikilize. Aliuzungusha mchi, nami sikusikia chochote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta kitu alichokuwa akikikanyaga kila siku.

"Alikuwa anafanya hivi miaka yote?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, taratibu zaidi, kama alikuwa anafanya hivi hata kifua kilipoanza kumbana. Nikamwambia alijaribu.

Akaendelea kusaga.

Ilikuwa Ijumaa mwezi wa Machi, baada ya swala, Munawwar alipokuja na wino. Alikuja mwenyewe, amebeba chupa kwa mikono miwili, na kucha zake zilikuwa nyeusi mpaka kwenye nyama. Ustad aliletwa na binti yake. Walimwekea kibao mlangoni kwetu, mahali penye mwanga, na watu waliotoka msikitini walisimama kichochoroni. Dada alikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa naisikia pumzi yake.

Ustad alichovya kalamu ya mwanzi. Aliuinamia ukurasa mpaka pua ilikaribia kuugusa, akaandika Bismillahi moja, kwa mwendo mmoja, bila kurudi nyuma. Wino ulikuwa mweusi, sijui niseme mweusi wa namna gani. Haukung'aa. Ulitulia ndani ya karatasi kana kwamba uliota pale.

Tulingoja ukauke. Kisha Ustad aliuinamisha ukurasa juu ya kitambaa cheupe, nacho kikabaki cheupe. Akamwita Munawwar, akamwambia apitishe kidole. Munawwar alisita, akajifuta kidole kwenye kanzu, akakipitisha juu ya herufi zote kutoka kulia kwenda kushoto. Akakiinua mbele ya macho yake, halafu akakionyesha kwa watu. Kilikuwa na weusi wake wa zamani wa kinu, lakini hakikuwa na unyevu wala vumbi jipya, na Bismillahi ilikuwa nzima.

"Sikuongeza kitu," Munawwar akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wallahi sikuongeza kitu. Ni uleule. Mimi nilimsema vibaya Hidayat, na naomba aliye nyuma ya pazia anisamehe."

Dada alijibu kwamba amesamehe, na kwamba yaliyobaki ni baina ya Munawwar na Hidayat, na Hidayat hakuwa mtu wa kuweka kinyongo.

Imamu alimwuliza Ustad kama ameridhika. Ustad alisimama. Binti yake alitaka kumshika mkono, akamwondoa kwa upole. Aligeuza uso kwenye pazia kwanza, kisha kwa watu, ingawa sidhani kama aliweza kututofautisha.

"Nyote mliopo hapa," akasema, "kuweni mashahidi wangu. Kwa kadiri ninavyojua mimi, Hidayat hakunidhulumu hata tone moja. Juzuu iliyomwagika nitaizika kwa heshima, na Juzuu Amma nitaiandika upya tangu herufi ya kwanza, kwa wino huu. Jicho langu likizima kabla sijamaliza, binti yangu ataimaliza, nimemfundisha, na nyinyi msimzuie. Na mahali pa mwisho, pale mwandishi anapoweka jina lake, sitaandika langu peke yangu. Nitaandika, 'Na wino ni wa Hidayat, aliyekuwa mwaminifu.' Ninaahidi mbele ya Mungu, na mbele yenu."